Kusoma mawazo ya watu watatu mezani: kuchana katikati na kutangulia hatua moja

Mchezo huu unachezwa mezani au sebuleni, mbele ya watu watano hadi kumi na watano, na huchukua dakika sita au saba. Watu watatu wanafikiria vitu vitatu: mmoja jina la rafiki wa utotoni, wa pili mji, wa tatu namba. Mwonyeshaji anaandika anachokisoma vichwani mwao, karatasi moja kwa kila mtu, na kila karatasi inaingia kikombeni kabla mhusika hajatamka kitu. Mwishoni kikombe kinamwagwa, mtazamaji yeyote anafungua karatasi, na majibu yote matatu yamo.

Hakuna mtu aliyepangwa, hakuna simu wala kioo. Kuna mbinu mbili za zamani zilizounganishwa. Ya kwanza ni kuchana katikati: karatasi yenye jina inachanwa mbele ya watu, lakini kipande chenye maandishi kinabaki mkononi mwako kikiwa kizima. Ya pili ni kutangulia hatua moja: unapojifanya unaandika wazo la mtu wa kwanza, kumbe unaandika jambo ulilokwisha kulijua, jibu lake likitamkwa, unaliandika kwenye karatasi ambayo watu wanadhani ni ya mtu wa pili, na kuendelea hivyo. Katika karne ya 19 huko Marekani, watu waliojidai kuzungumza na mizimu walijipatia riziki kwa kujibu maswali yaliyoandikwa kwenye vikaratasi vilivyokunjwa. Baadaye wanamazingaombwe, miongoni mwao Theodore Annemann (1907–1942), waliziendeleza mbinu za aina hiyo kama burudani.

Kila mbinu ikichezwa peke yake ina pengo. Ukichana karatasi na papo hapo ukataja jina, hata mtoto atauliza kwa nini jina liliandikwa na kwa nini karatasi ikachanwa. Kutangulia hatua moja nako kunahitaji jibu moja ulijue mapema, na wengi hulipata kwa kumfanya mtu achague karata fulani bila yeye kujijua. Karata ikitokea mezani, watu wanaacha kufikiria mawazo na kuanza kufikiria viinimacho. Zikiunganishwa, ya kwanza inaipatia ya pili jibu la kuanzia, na ya pili inaweka dakika nne au tano kati ya kuchana na kutaja jina. Katika dakika hizo ile karatasi inasahaulika. Hapo ndipo penye nguvu ya mchezo mzima, na karibu kila ushauri ulio hapa chini unalinda umbali huo.

Vifaa

Chukua karatasi ya A4 ya gramu 80, hii ya kawaida ya fotokopi. Ikunje nusu mara tatu na kukata kwenye mikunjo. Utapata vipande 8, kila kimoja sentimita 10.5 kwa 7.4. Unahitaji vinne. Karatasi ya daftari la shule haifai: ni nyembamba, wino unaonekana upande wa pili, na mistari yake inamvuta mtu aanze kuandika juu badala ya katikati. Manila nayo ni ngumu. Ikikunjwa mara mbili inagoma kuchanika, na ukilazimisha inachanika upande.

Kipande kimoja kinahitaji matayarisho. Kilaze kwa mapana, yaani ule upande wa 10.5 uwe mlalo. Kikunje kushoto kwenda kulia kibaki 5.25, kisha juu kwenda chini kibaki 3.7. Pitisha ukucha kwenye mikunjo, halafu kikunjue. Sasa kina alama ya msalaba, na makutano yake ndiyo katikati ya karatasi. Chora mstari wa sentimita 4 kwa kalamu, nusu sentimita chini ya mkunjo wa mlalo, ugawanyike sawa kulia na kushoto. Jina likiandikwa juu ya mstari huo, litakaa palepale mikunjo inapokutana. Mikunjo ya mapema ina kazi mbili: inamwongoza mshiriki akunje unavyotaka bila kuelekezwa sana, na baadaye inakifanya kipande kifunguke kirahisi kwa kidole gumba kimoja.

Daftari liwe dogo, la A6, lenye jalada gumu linalofunguka kama kitabu. Zungusha mpira mwembamba, kama ule wa kufungia noti, kwenye jalada la mbele peke yake, upite katikati. Karatasi nne zikae ndani, chini ya mpira huo, ile yenye mstari ikiwa juu. Mpira huo huo ndio utakaokuja kukificha kipande.

Kalamu ziwe mbili, za wino wa kawaida, nyeusi au bluu. Kalamu nene ya rangi hupenya karatasi, na penseli haisomeki vizuri kwenye mwanga hafifu wa mgahawa. Kikombe kiwe cha bati, plastiki au udongo. Bilauri ya kioo haifai kabisa, kwa sababu mtu makini anaweza kuifuata kwa macho karatasi iliyoingia kwanza.

Mkono unavyochana

Karatasi iliyokunjwa mara mbili ina kona nne, lakini moja tu ndiyo ambayo mikunjo yote miwili inakutana. Kona hiyo ndiyo katikati ya karatasi, na maandishi yako hapo. Jifunze kuitambua kwa ncha ya kidole bila kutazama: kingo zake zote mbili ni laini na zimefungwa, wakati kona nyingine zina tabaka zinazoachana.

Shika karatasi kwa mikono miwili mbele ya kifua, vidole gumba upande wako, vidole vingine upande wa watazamaji. Kona ya katikati iwe juu kulia. Vidole gumba vigusane palepale unapotaka kuchana, yaani katikati ya upana, kisha chana kutoka juu kwenda chini. Nusu ya kushoto iweke mbele ya nusu ya kulia, upande wa watazamaji. Sasa geuza mafungu yote robo duara, mshale wa saa unavyokwenda. Kona yako itahamia chini kulia. Chana tena juu kwenda chini, na nusu ya kushoto iende tena mbele. Kipande cha katikati sasa ndicho kilicho karibu nawe kuliko vyote, kimelala chini ya gumba la kulia.

Ukitaka kuhakiki, fanya hivi mezani na kuhesabu. Ukichana sawasawa utapata vipande 9: kimoja kizima cha katikati chenye upana wa sentimita 5.25 na urefu wa 3.7, na vingine 8 visivyo na neno. Kipande hicho kina nafasi ya kutosha kwa mstari wa sentimita 4, na kinabaki na zaidi ya nusu sentimita kila upande. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kukosea.

Sasa kukificha. Mkono wa kushoto unachukua fungu na kuondoka nalo kwenda kwenye kiganja cha mshiriki. Wakati huohuo gumba la kulia linakiburuta kipande cha katikati kirudi nyuma hadi kwenye shina la kidole cha kati na cha pete. Vidole hivyo vijikunje kidogo tu, kama vinavyojikunja vyenyewe mtu anapotembea. Usikaze ngumi. Mkono mtupu haukazi ngumi, na watu wanalijua hilo bila kufundishwa. Macho yako yaende pamoja na mkono wa kushoto mpaka usoni kwa mshiriki. Hapo hakuna atakayeutazama wa kulia.

Fungu lililobaki usilichane zaidi. Ni tabaka 12 na litakutoa jasho. Mpe mshiriki na kumwambia, "Dada, malizia mwenyewe, chana mpaka uchoke." Kwa sentensi hiyo moja, ushahidi wa kipande kilichopungua unaharibiwa na mshiriki mwenyewe, na baadaye atakumbuka kwamba aliyechana karatasi ni yeye.

Kosa la kawaida hapa ni mpasuko kwenda upande na kupita kwenye jina. Chanzo chake ni kuivuta mikono iachane kulia na kushoto. Mkono mmoja uje kwako na mwingine uende mbele, vidole gumba vikiwa bado vimegusana. Mpasuko utafuata mahali vilipogusana. Kosa la pili ni kunyamaza. Anayeongea vizuri muda wote kisha akanyamaza kwa sekunde tatu wakati wa kuchana, amewaonyesha watu mahali pa kutazama.

Kusoma kipande

Sehemu hii ndiyo inayowatia wengi hofu, nayo ndiyo rahisi kuliko zote ukiwa na daftari.

Shika daftari kwa mkono wa kushoto, mgongo wake ukilala kiganjani, na kulifungua kuelekea kwako kwenye kimo cha kifua. Majalada yanawaelekea watu. Mkono wa kulia unaingia ndani kuchukua karatasi ya kuandikia chini ya mpira, na hiyo ndiyo sababu halali ya mkono huo kuingia. Ukiwa ndani, uachie kipande kwenye ukurasa wa kushoto na kukibana kwa gumba la kushoto. Gumba la kulia lipenye upande uliochanwa, maana huko tabaka hazilingani, na kukifungua mkunjo wa kwanza, kisha wa pili. Halafu mkono utoke na karatasi tupu, uiweke ukurasa wa kulia, na uende mfukoni kuchukua kalamu.

Umeshafungua kipande, lakini hujakisoma. Kisome unapoandika. Mtu anayeandika lazima atazame daftari, hakuna anayeshangaa. Sekunde moja inatosha kwa jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Anayekosea ni yule anayekazia macho ukurasa wa kushoto kwa muda mrefu kabla kalamu haijagusa karatasi. Jina likiwa juu chini, usilizungushe daftari. Jifunze nyumbani kusoma majina ya herufi kubwa yakiwa yamepinduka.

Ukimaliza kuandika, toa karatasi, ikunje mara mbili, itupie kikombeni. Unapofunga daftari, gumba la kushoto linakisukuma kipande chini ya mpira. Kuanzia hapo mikono yako ni mitupu kweli, na unaweza kuionyesha bila kusema kwamba unaionyesha.

Mchezo mzima, neno kwa neno

Tuseme walioko mbele yako ni Neema, Baraka, na mzee Salum aliyekuja na familia. Jina la kuandika mpe Neema, au mtu yeyote anayeonekana mtulivu na mwenye mwandiko unaosomeka. Usimpe anayecheka na kugeukia wenzake kila dakika. Huyo ataikunja karatasi mara nne au kuwaonyesha jirani.

"Dada, mfikirie rafiki yako mmoja wa utotoni, aliye hai, ambaye hapa hakuna anayemjua. Andika jina lake moja juu ya mstari huo, kwa herufi kubwa, ili akilini lisikuhamehame. Ukimaliza kunja, mwandiko uwe ndani." Mpe karatasi yenye mstari na kalamu ya pili, geuka. Kila sharti lina kazi. "Jina moja" linazuia mtu kuandika la mtu na la baba yake mpaka mstari uishe. "Herufi kubwa" ni kwa ajili ya macho yako. "Asiyejulikana hapa" linaua hoja kwamba uliambiwa. "Aliye hai" tutalirudia.

Ukigeuka, pokea karatasi, itambue kona, na kusema huku unachana: "Jina umeshalishika. Karatasi imemaliza kazi yake." Usiseme "mimi sijaona kitu." Ukijitetea kabla hujashtakiwa, umewakumbusha watu kwamba kuna uwezekano wa kuona. Mwachie Neema vipande. Kisha: "Wewe nitakuja kwako mwisho. Liache jina lipoe kidogo."

Mgeukie mzee. "Shikamoo mzee. Naomba nikusumbue kidogo. Fikiria mji mmoja uliowahi kukaa au kupita zamani, usiwe huu tuliomo. Usiutaje bado." Hapa ndipo unapofungua daftari, kusoma jina la Neema, tuseme REHEMA, na kuandika: *Rafiki wa utotoni ni REHEMA.* Kunja, tupia kikombeni. "Sasa mzee, tuambie ni mji gani?" Mzee anasema Tabora. Wewe itikia kwa kichwa tu. Usishangilie wala usiseme "nimepata!" Sema kama mtu anayejipima: "Haya, tutaona."

Kwa Baraka: "Kaka, namba yoyote ya tarakimu mbili, tarakimu zisifanane." Fungua daftari, andika: *Mji ulioko kichwani ni TABORA.* Kikombeni. Baraka anasema 47.

Sasa Neema. Mtazame, mwambie aone sura ya rafiki yake, siyo maandishi. Andika: *Namba uliyoichagua ni 47.* Kikombeni. "Dada, rafiki yako anaitwa nani?" Anasema Rehema. Kabla hajamaliza kushusha pumzi, mwambie mtu ambaye hakushiriki amwage kikombe, azifungue zote tatu na kuzisoma kwa sauti, kwa mpangilio wowote.

Angalia zile sentensi ndefu. Sababu yake ni kalamu. Ukijifanya unaandika namba kumbe unaandika jina la mji, mkono wako utasogea mara nyingi kuliko tarakimu mbili zinavyohitaji. Na wakati wa Neema, watu wanaotarajia jina wataona mikwaruzo miwili tu. Mtazamaji mmoja makini anatosha kukufichua. Sentensi zenye maneno manne au matano zote zinachukua muda unaokaribiana, na kalamu haisemi siri. Kwa sababu hiyohiyo usiandike namba 1, 2 na 3 juu ya karatasi, na usiandike "Kwa Neema" wala "Kwa mzee". Karatasi ijitambulishe kwa kilichomo.

Tunapendekeza kosa dogo la makusudi kwenye namba: andika 74, ikate kwa mstari mmoja, andika 47. Namba unaijua tayari, hivyo hakuna hatari. Anayesoma akisema "hapa alianza na sabini na nne akakata," watu wanamwona mtu aliyekuwa akitafuta, akakosea, akajirekebisha. Usahihi wa asilimia mia unawafanya watafute hila. Kusitasita kidogo kunawafanya waamini kulikuwa na kazi kichwani. Kosa liwe moja tu, na lisiwe kwenye jina.

Mambo yanapokwenda kombo

Mpasuko ukikata herufi za mwisho, mara nyingi bado utajua. REHE… haina njia nyingi. MWANA… ina nyingi mno: Mwanaidi, Mwanahawa, Mwanaisha. Hapo andika ulicho nacho: *Jina la rafiki linaanza na MWANA.* Ni jibu lenye uzito bado, na halionekani kama kushindwa.

Kama hukuona kitu kabisa, kwa sababu Neema alikunja mwandiko nje, aliandika pembeni, au kipande kilidondoka, mchezo hauvunjiki. Kwenye karatasi ya kwanza andika: *Rafiki huyu ananikwepa, simwoni.* Endelea kama kawaida. Mwishoni mji na namba vitakuwa sahihi na jina litakuwa limekukwepa, tena umelikiri kwa maandishi kabla ya kuulizwa. Wawili kati ya watatu ni matokeo mazuri kwa mtu anayesoma mawazo. Kwa hiyo hakuna haja ya kubabaika wala kujaribu kumrudia Neema kwa karatasi nyingine. Karatasi ya pili ya jina lilelile inamwambia kila mtu kwamba ya kwanza ilikuwa na maana.

Mshiriki akidai kushika karatasi yake mwenyewe bila kuchanwa, mkubalie kwa moyo mkunjufu, mweke pembeni kama "shahidi", na badilisha mchezo kabisa. Ubishi juu ya karatasi humalizika kwa kushindwa hata kama umeshinda.

Feni ya darini ni adui anayesahaulika. Vipande vya karatasi juu ya meza ya plastiki vitaruka, na watu wakianza kuviokota wanaanza kuvitazama. Ndiyo maana vipande vinakaa kwenye kiganja cha Neema kilichofumbwa, na si mezani. Mikono yenye jasho nayo, hasa Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto, hulainisha karatasi. Kipande kinanatia kwenye kidole na kugoma kuachia daftarini. Jipanguse kwa leso kabla ya kuanza, siyo katikati.

Nafasi unayosimama ni ya kuchagua, si ya kupangiwa. Ukuta uwe nyuma yako. Usikubali kuzungukwa, maana daftari lililo wazi linaonekana kutoka begani. Usiku, dirisha la kioo nyuma yako linaakisi kama kioo cha kujitazamia. Pazia lifungwe au uhame. Kuhusu simu zinazorekodi, waliokaa mbele hawana tatizo, ila anayesimama pembeni na simu juu anaona ndani ya daftari. Mwombe akae, mwambie kwamba utamhitaji kusoma karatasi mwishoni. Kweli mpe kazi hiyo.

Kuchana kwa mazoezi

Chana vipande 30 kwa siku kwa wiki moja. Hiyo ni chini ya karatasi 30 za A4. Siku mbili za kwanza tazama mikono na kila mara fungua kipande kuona kama mstari umebaki mzima. Baada ya hapo mikono isitazamwe tena. Weka simu mbele yako kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa, jirekodi, na katika video tafuta vitu viwili: mkono wa kulia unavyoshuka baada ya kuchana, na kichwa chako kinavyoinama kwenye daftari. Kichwa kikiinama ghafla mara ya kwanza kuliko mara ya pili na ya tatu, kirekebishe: iname sawasawa mara zote tatu.

Kutangulia hatua moja hakuhitaji wepesi wa mikono, kunahitaji kichwa kilichotulia. Kosa linaloharibu kila kitu ni kuandika jibu lilelile mara mbili, au kusahau kwamba karatasi ya mwisho inabeba namba. Fanya mazoezi na viti vitatu vitupu, ukisema maneno yote kwa sauti, mpaka mkono uandike bila kujiuliza. Kisha mchezee mtu mmoja anayekupenda na anayesema ukweli, huku akicheza nafasi zote tatu, na umuulize swali moja tu: "Unakumbuka nini kuhusu karatasi ya kwanza?" Akijibu "ipi?", uko tayari. Akieleza ulivyoichana, unachana polepole mno au hukuacha muda wa kutosha.

Watu walio mbele yako

Jina la mtu lina uzito. Ukiacha swali wazi, mtu aliyefiwa atamwandika marehemu, na wewe utakuwa umelitaja jina hilo mbele ya ndugu zake katikati ya vicheko. Sharti la "aliye hai" halirukwi hata siku moja. Usiulize wachumba wa zamani, magonjwa wala fedha.

Baadhi ya maelekezo ya nje yanasema vipande vichomwe moto kwenye kisahani. Hapa kwetu tusifanye hivyo. Karatasi yenye jina la mtu inayoteketea mbele ya mgeni inawapeleka wengi moja kwa moja kwa mganga, na burudani imekwisha. Kenya ina Sheria ya Uchawi ya 1925, na Tanzania ilirithi ya 1928. Zote zinawahusu wanaojidai kuwa na nguvu za namna hiyo. Lakini hata pasipo sheria, mtu mwenye shida akikufuata baada ya onyesho akitaka umwambie nani kamwibia au kama mumewe atarudi, mwambie wazi, kwa upole na bila kumzungusha, kwamba ulichofanya ni mchezo uliojifunza kwa mazoezi na huwezi kusoma mawazo ya mtu. Huna haja ya kumweleza njia. Una wajibu wa kutomwacha akiamini, na usipokee hata shilingi kwa ushauri.

Unapoanza, sema "nataka tucheze mchezo wa mawazo." Neno mchezo linatosha, halipunguzi mshangao hata kidogo, na linamwacha kila mtu akiwa huru kufurahi.

Watu wale wale wasichezewe mara mbili kwa siku moja. Wakiomba tena, Neema wa pili atatazama karatasi kwa macho tofauti. Na kabla daftari halijatoka mkononi mwako, kabla mtoto wa mwenye nyumba hajaomba kuchoramo kitu, kipande kilicho chini ya mpira kiwe kimeshahamia mfukoni.